Bung'eda, Kaburi la Heshima la Wadatoga

Mtu ashukaye Mang'ola, karibu na Ziwa Eyasi, huona mashamba ya vitunguu, naye hukutana na watu wa makabila mengi: Wairaqw, Wahadzabe, Waisanzu na Wadatoga. Hao Wadatoga wengi huwaita Wamang'ati, jina walilopewa na Wamasai, maana yake adui. Leo tutazame desturi yao moja, nayo ni bung'eda.

Bung'eda ni kaburi, lakini si kila mfu apewaye. Hupewa mzee aliyeheshimiwa sana, baada ya wazee wa ukoo kushauriana. Maiti huvikwa ngozi ya ng'ombe na kuzikwa, kisha juu yake hujengwa kilima cha udongo na miti. Kazi hiyo huendelea yapata miezi 9, tabaka juu ya tabaka, hata kilima kifikie futi 12 hivi. Mwishowe watu hukusanyika kutoka mbali, huimba, na kunywa pombe ya asali. Hivyo jamaa waliotawanyika kwa kufuata malisho hukutana, na watoto hujua asili yao.

Katika kisiwa cha New Ireland, bahari ya Pasifiki, watu huwachongea wafu wao sanamu ziitwazo malanggan. Zikiisha kuonyeshwa, huchomwa au huachwa zioze. Wadatoga hushika mahali penyewe. Wamasai waliwafukuza Ngorongoro katika karne ya 19, lakini kaburi la kiongozi wao lililomo ndani ya kreta hawakulisahau, wakaendelea kwenda kuomba huko.

Basi, kwa watu wasio na hati, kaburi ndilo shahidi wa nchi yao. Katika miaka ya 1970 na 1980, mashamba ya ngano ya serikali, yaliyosaidiwa na Kanada, yalichukua yapata ekari 100,000 huko Hanang, na matrekta yakalima juu ya makaburi. Wanakijiji wa Mulbadaw walishtaki mwaka 1981. Mahakama Kuu iliwapa haki, lakini mwaka 1985 Mahakama ya Rufani ikaitengua hukumu hiyo.

Ng'ombe aliyekufa aweza kupatikana mwingine. Kaburi lililolimwa halirudi. Sisi tuwekao misalaba juu ya wazazi wetu twaelewa uchungu huo. Kabla ya kutia jembe katika nchi ya wenzetu, yafaa tuulize kwanza: ni nani alalaye hapa?