Mgeni na Mwenyeji: Hoteli za Nairobi, Mji wa Reli

Neno "hoteli" lina maana mbili katika Kiswahili cha Nairobi. Mfanyakazi anayemwambia mwenzake saa nne ya asubuhi, "Twende hotelini," hana nia ya kulala huko. Anataka kikombe cha chai na andazi. Lakini neno hilo hilo linapotajwa kwa mtalii, humaanisha jumba la ghorofa lenye vyumba, vitanda na walinzi mlangoni. Maana hizo mbili hazikuja kwa bahati tu. Zimetokana na historia ya mji wenyewe, na katika makala haya tutajaribu kuieleza historia hiyo kwa ufupi, kwa sababu ndani yake mna swali kubwa: nani alikuwa mgeni katika nchi hii, na nani alikuwa mwenyeji?

Nairobi ni mtoto wa reli. Kazi ya kujenga reli ilianza Mombasa mwaka 1896, na mwishoni mwa Mei 1899 vyuma vikafika kwenye uwanda wa majimaji ambao Wamaasai waliuita mahali pa maji baridi. Reli ilikuwa imekwisha kwenda zaidi ya kilomita 500, na mbele palikuwa na milima na Bonde la Ufa. Wahandisi wakaona heri kuweka kituo kikuu hapo, penye nafasi ya karakana, ghala na nyumba za wafanyakazi. Basi mji ukazaliwa kabla ya mtu yeyote kukusudia kuujenga.

Penye stesheni pana abiria, na abiria hutaka kula na kulala. Hapo mwanzo gari la moshi halikuwa na behewa la chakula. Abiria wenye fedha walishuka kula katika nyumba za mapumziko kando ya reli, kama ile ya Voi. Walipofika Nairobi walihitaji zaidi ya hayo. Mwaka 1902 Mayence Bent, mwanamke Mwingereza, alianzisha hoteli katika barabara ya Victoria, ambayo leo ni Tom Mboya, akaipa jina la msafiri Stanley. Mji wakati huo ulikuwa wa mbao na mabati, na mwaka 1905 moto uliteketeza barabara hiyo pamoja na hoteli. Bibi huyo akahamia jengo jingine, na mwaka 1913 akafungua New Stanley mahali ilipo hoteli hiyo hadi leo, kwenye pembe ya barabara za Kenyatta na Kimathi.

Kabla ya moto huo, siku ya Krismasi ya mwaka 1904, Hoteli ya Norfolk ilifunguliwa, jengo la mawe lililokuwa la fahari kwa siku zile. Walowezi waliotoka mashambani walikutana katika baraza yake, na wawindaji waliianzia safari zao. Theodore Roosevelt, aliyekuwa amemaliza muda wake wa urais wa Marekani, alikuja kwa reli hiyo mwaka 1909 kuwinda, na sifa za Nairobi zikaenea ng'ambo. Vitabu vingi vimeandikwa juu ya wageni wa namna hiyo. Vichache mno vimewataja waliobeba mizigo yao.

Hebu tuwatazame hao. Mgeni alipokelewa stesheni na kigari cha magurudumu mawili kilichovutwa na Mwafrika. Chakula chake kilipikwa na Mwafrika, nguo zake zikafuliwa na dobi, choo chake kikasafishwa na topasi. Mtumishi mwenye wajukuu aliitwa "boi" na kijana ambaye angeweza kuwa mjukuu wake. Kwa miaka mingi ya ukoloni Mwafrika hakuweza kuingia mle kama mteja. Aliingia kwa mlango wa nyuma, akiwa amevaa kanzu ya kazi. Hata Wahindi, ambao ndugu zao wapatao elfu mbili na mia tano walikufa katika ujenzi wa reli, hawakukaribishwa mezani.

Wakati huo huo milango ilikuwa wazi kwa wengine. Abraham Block alifika nchini mwaka 1903 bila mali ya maana, na husimuliwa kwamba mojawapo ya kazi zake za mwanzo ilikuwa kumshonea Mayence Bent magodoro ya kujazwa nyasi. Mwaka 1927 aliinunua Norfolk, na mwaka 1947 akainunua New Stanley. Bidii yake hatuibezi. Tunauliza tu: Je, Mwafrika aliyeshona godoro kwa bidii ile ile angeweza kufika wapi?

Jibu moja lilitolewa kwa risasi. Harry Thuku, aliyekuwa akipinga kipande, kodi na kazi za kulazimishwa, alikamatwa mwezi Machi 1922 na kuwekwa katika kituo cha polisi kilichokuwa karibu na Norfolk. Tarehe 16 maelfu ya watu walikusanyika kudai aachiliwe. Mary Muthoni Nyanjiru aliwahimiza wanaume wasirudi nyuma, naye akawa miongoni mwa walioanguka kwanza polisi walipofyatua bunduki. Wanahistoria wengi wameandika kwamba walowezi waliokuwa katika baraza ya hoteli nao walipiga risasi. Serikali ilikiri vifo 21. Wengine walisema waliokufa walikuwa wengi zaidi. Ikawa mgeni amekaa barazani, na mwenyeji amelala barabarani.

Mwenyeji huyo alijitafutia mahali pake. Katika vijiji vya Pangani na Pumwani, wenye nyumba, na wanawake kati yao hawakuwa wachache, walikodisha vyumba na vitanda kwa waliokuja mjini kutafuta kazi. Pangani ilibomolewa mwishoni mwa miaka ya 1930, lakini Pumwani ikabaki. Humo, na baadaye katika River Road, palikuwa na vibanda na vyumba vya chai, ugali na maharagwe. Watu waliofungiwa nje ya hoteli walilichukua jina lake wakalipa maana yao. Hoteli yao haikuwa na ghorofa, lakini mtu aliketi popote alipopenda, akaitwa ndugu, akasikia habari za kwao na za siasa.

Baada ya Uhuru mwaka 1963 mambo yaligeuka. Mwaka 1969 Hilton na Inter-Continental zilifunguliwa, na mwaka 1975 Chuo cha Utalii kikaanza kuwafundisha vijana wetu kuongoza hoteli, si kutumikia tu. Nyakati nazo hazisimami. Ndege imechukua abiria wa reli. Stesheni ya reli ya kisasa, iliyofunguliwa mwaka 2017, iko Syokimau, mbali na baraza zile za kale. Inter-Continental ilifungwa mwaka 2020 na Hilton mwaka 2022.

Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Ukoloni uliupindua usemi huo, maana mgeni alikuja na mwenyeji akaumia. Ukarimu ni sehemu ya utamaduni wetu, lakini karimu ni yule mwenye nyumba. Asiye na nyumba hulazimishwa tu kutumika. Barabara inayopita mbele ya Norfolk leo inaitwa Harry Thuku. Ni vema walimu wawaongoze wanafunzi kutoka stesheni ya zamani hadi hapo, kisha wawapeleke Pumwani kuwasikiliza wazee na kuandika wanayokumbuka. Majumba makubwa yana watu wa kuyaandikia sifa zake. Hoteli za chai na maandazi hazina mwandishi, na wanaozikumbuka wanapungua kila mwaka.