Malale na Mifugo Mpakani

Askari wa mpakani hukagua mtu, mzigo na karatasi. Lakini historia ya malale katika nchi ya Wasamia, Lumino na vitongoji vyake pande zote mbili za mpaka wa Uganda na Kenya, yaonyesha kuwa maradhi huweza kupita mbele ya lindo mchana kweupe, yamebebwa na mnyama asiye na dalili yoyote.

Mwanzoni mwa karne ya 20 malale yaliangamiza watu wapatao robo milioni kandokando ya Ziwa Viktoria, hususan Busoga na visiwani. Mwaka 1903 ilithibitika kwamba mwenezaji ni mbung'o. Ndipo Gavana Hesketh Bell, kuanzia mwaka 1906, alipoamuru wakazi wahamishwe kutoka ufuoni. Hoja yake ilikuwa nyepesi: mbung'o akikosa mtu mgonjwa wa kumuuma, hana cha kueneza. Wavuvi walilipia hoja hiyo kwa kuacha makaburi ya wazee wao na riziki yao.

Hoja yenyewe ilikuwa na upungufu. Mwaka 1964 aina nyingine ya malale, iliyo kali na yenye kuua upesi, ilizuka Alego, Nyanza. Wataalamu wa shirika la Afrika Mashariki la utafiti wa malale lililokuwa Tororo, akiwamo R. J. Onyango, wakapima hata ng'ombe. Mwaka 1966 walitangaza kwamba ng'ombe waweza kuhifadhi vijidudu vyenye kumwambukiza binadamu. Basi kumhamisha mtu pamoja na mifugo yake ni kuyahamisha maradhi.

Elimu hiyo ilipatikana Tororo penyewe, na bado haikuzuia yaliyofuata. Katika utawala wa Idi Amin uchumi ulianguka. Mashamba ya pamba na kahawa ya Busoga yakatelekezwa, vichaka vya lantana vikatanda, mbung'o wakapata maskani hadi uani. Malale yakalipuka mwaka 1976, yakaua wengi, na katika miaka ya 1980 yakaingia wilaya ya Tororo, ambayo wakati huo ilijumuisha Lumino.

Desemba 1998 yakazuka Soroti, mbali kaskazini, mahali yasikotazamiwa. Wachunguzi hawakufuata nyayo za msafiri mgonjwa, bali za mnada wa ng'ombe. Zaidi ya nusu ya waliouzwa pale walitoka maeneo yenye malale. Walikuwa wamepelekwa kwa watu waliotaka kufuga upya baada ya mifugo yao kuporwa.