Nilimwambia Mama wa Mapacha Asogee

Wasee, kabla hamjanirukia huko chini, wacha nikiri mwenyewe: ni mimi nilimwambia yule mama asogee.

Ilikuwa Juni. Tulikuwa tumetoka Namugongo, kule Wakenya wengine hutembea kwa miguu kutoka huku mpaka Uganda ili tarehe 3 iwapate kwa mashahidi. (Sisi tulienda na basi, usicheke.) Binamu yangu akasema si mbali kuna maporomoko ya maji yanaitwa Sezibwa, upande wa Buikwe, unachepuka tu kwa barabara kuu ya Kampala na Jinja. Kama umewahi kupanda basi la Nairobi kwenda Kampala, umepita karibu na hapo ukinunua nyama ya kijiti na ndizi ya kuchoma kwa dirisha, na hukujua.

Sezibwa ni mafupi. Mtu ambaye ameshasimama Thomson Falls pale Nyahururu, mita 74 za maji yakianguka, atayaangalia aseme, kwani ni haya tu? Lakini pazuri ni pazuri. Miamba, miti mikubwa, povu jeupe. Nikaweka simu kwa stendi. Pale chini kulikuwa na mama amepiga magoti na watoto wawili wachanga, na alikuwa ananiharibia picha. Nikamwambia, "Mama, samahani, sogea kidogo." Akasogea. "Kale, ssebo," akasema, bila hata kukasirika.

Ni baadaye ndio mzee anayetembeza wageni alitueleza tulikuwa tumesimama wapi. Waganda husimulia kwamba zamani sana mwanamke anaitwa Nakangu alikuwa safarini na mimba ya mapacha. Uchungu ukamshika njiani, na kilichotoka si watoto. Ni maji. Mito miwili, Sezibwa na Bwanda, kila mmoja ukashika njia yake. Sezibwa ukapitia kwa mawe, na jina lenyewe wanaeleza lilitoka kwa maneno "sizibwa kkubo". Sema pole pole usikie. Sizibwa. Hauhitaji kamusi, Kiganda na Kiswahili ni ndugu: mimi siwezi kuzibiwa njia.

Na Buganda mapacha si mchezo. Ukiwazaa, jina lako linabadilika maisha yote: baba ni Ssalongo, mama ni Nnalongo. Watoto nao majina yanawangoja tayari, Wasswa na Kato wakiwa wavulana, Babirye na Nakato wakiwa wasichana. Kwa hiyo yule mama hakuwa amekuja kuogesha watoto. Alikuwa amewaleta kwa ndugu zao wakubwa.

Sasa fikiria huo mto umeona nini. Wafanyabiashara wa pwani walifika kwa Kabaka na Uislamu miaka ya 1840. Wamisionari wa Kianglikana wakaingia 1877, Wakatoliki 1879. Kila mmoja alikuja na Mungu wake na kuwaita lubaale wa Waganda mashetani. Halafu Kabaka Mwanga, akiwa kijana kama sisi tu, akaona vijana wa ikulu yake wanatii padri kuliko yeye. Ndipo mauaji yakatokea, na 1886 wengi wakachomwa Namugongo. Waingereza nao walimtoa kwa kiti 1897, wakamkamata 1899 na kumpeleka Ushelisheli, akafia huko 1903. Katiba ya 1967 ikafuta falme zote, ufalme wa Buganda ukarudi 1993. Watu bado wanashuka pale kwa mawe na mbegu za kahawa na mayai.

Hapo Sezibwa kuna mti mzee anasema Mwanga mwenyewe aliupanda. Nilicheka kidogo. Asubuhi hiyo nilikuwa nimetoka kuwaombea waliouawa na Mwanga, jioni niko chini ya mti wake.

Mathe alipoona picha alinipigia simu hapo hapo. "Hayo maji umeyagusa?" Kwake Namugongo ni imani, Sezibwa ni uchawi, na hakuna mjadala. Simlaumu. Huku kwetu Sheria ya Uchawi iliandikwa 1925 na wakoloni, na kichwani mwetu bado inafanya kazi kuliko sheria nyingi mpya. Lakini niliuliza swali moja ambalo hakulipenda: kwani ile chupa ya maji nilikuletea kutoka Namugongo, uliiweka wapi? Iko kwa kabati, karibu na Biblia.

Sisemi uende ukaabudu mto. Mimi bado ni Mkatoliki, na sikuacha mbegu ya kahawa hapo, niliogopa kidogo. Ninachosema ni hiki. Joseph Thomson alipita Nyahururu 1883, akaona maji ambayo watu waliyajua tangu zamani, akayapa jina la baba yake. Na sisi tukalibeba hilo jina mpaka leo. Ukienda pale unapiga picha, unanunua mahindi, unaenda nyumbani. Sijawahi kumsikia mtu akiuliza maji yale yalikuwa nani kabla ya kuwa babake Thomson. Sezibwa hayana hata robo ya urefu huo, lakini mtoto wa pale anajua mama yake mto alikuwa nani.

Na wageni wanaongezeka, mimi nikiwa mmoja wao. Tunalipa kiingilio, tunafikiri tumenunua nafasi yote. Mzee anaruhusu, pesa inasaidia kutunza mahali. Yule mama naye alilipa, nilimwona akihesabu sarafu langoni.

Nilipojua, nilishuka tena kumtafuta. Alikuwa ameshamaliza, amembeba mmoja mgongoni, mwingine kifuani, anapanda ngazi. Nikamwambia pole, Nnalongo. Akacheka jinsi nilivyolitamka.

Video ninayo. Sijaiposti. Ukiangalia vizuri, upande wa kushoto, kiwiko chake bado kinaonekana.