Kabla ya Tofali la Kwanza, Majirani Waulizwe

Ndugu mwanachama, kabla ya kutoa mchango wako kwa ajili ya ukumbi wa jamii wa Rungwe Mpya, una haki ya kuuliza: utakaa wapi, na nani ataamua? Jibu limo katika historia yetu, maana watu wa nyanda za juu za Kigoma wamepangiwa makazi zaidi ya mara moja.

Zamani Waha hawakuishi kwa mistari. Kila familia ilikaa na migomba yake mlimani, na mambo ya ardhi yalikuwa mikononi mwa wazee walioitwa abateko. Njia zilikuwa za miguu, nazo ziliwafuata watu walikokaa.

Miaka ya 1930, serikali ya Waingereza iliwahamisha watu kutoka sehemu zenye mbung'o na kuwakusanya pamoja ili kupambana na malale. Baada ya uhuru ikaja zamu ya ujamaa. Mwaka 1967, katika andiko la Ujamaa Vijijini, Mwalimu Nyerere alisisitiza kuwa watu waingie vijijini kwa hiari. Lakini mwaka 1972 ikaja Operesheni Kigoma, na Novemba 1973 kuishi kijijini kukawa amri kwa nchi nzima.

Vijiji vingi vilipangwa kando ya barabara ili lori la mbegu, mwalimu na dawa vifike kwa urahisi. Faida zilionekana: shule na zahanati zilisogea karibu na watu. Gharama nazo zilikuwepo: mashamba yalibaki mbali, na nyumba, shule na soko vikabanana kwenye njia moja. Barabara ndiyo iliyotukusanya, ila haikuwa na shughuli nyingi wakati huo.

Leo mambo ni mengine. Tangu kambi ya Nyarugusu ifunguliwe mwaka 1996, malori ya misaada yamezoeleka wilayani Kasulu. Mwaka 2010 zikatoka kanuni za kusafirisha abiria kwa pikipiki, na bodaboda zimeenea hadi vijijini. Ujenzi wa lami kati ya Kasulu na Kibondo nao umebadili mwendo: lami hupunguza vumbi na huongeza kasi.

Ukumbi huvuta watu. Siku ya harusi, mkutano au msiba, mamia huja kwa wakati mmoja, wengine wakiwa na watoto, wengine kwa baiskeli, na bodaboda zikisubiri mlangoni. Ukiwekwa pembeni kabisa mwa barabara, mlango wake unakuwa kivuko. Zaidi ya hapo, Sheria ya Barabara ya 2007 ilipanua hifadhi ya barabara kuu na za mikoa kutoka mita 22.5 hadi mita 30 kila upande, kuanzia katikati ya barabara. Sote tumeona alama ya X nyekundu ukutani. Kama mhasibu, sijui hasara chungu kuliko jengo la michango ya watu linalosubiri kubomolewa.

Sheria inatupa njia nzuri. Mkutano Mkuu wa Kijiji ni wa kila mkazi aliyefikisha miaka 18, na chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, Halmashauri ya Kijiji haigawi ardhi bila idhini ya mkutano huo. Sisi tunaoishi mjini tunaleta fedha. Wanaojua barabara ni wale wanaoivuka kila siku.

Kwa hiyo tunapendekeza kila kitongoji kiulizwe kabla ya ramani kuchorwa. Mama anayetoka kuchota maji anapita wapi? Watoto wa shule wanavuka saa ngapi? Siku ya soko malori yanasimama upande gani? Ng'ombe wanapitishwa wapi? Majibu hayo ndiyo yataamua mlango uelekee wapi, bodaboda ziegeshwe wapi, na kama tuombe matuta au alama za kivuko kwa TANROADS au TARURA, kutegemea barabara ni ya nani.

Kuuliza kutachukua wiki kadhaa na fedha kidogo za vikao. Tunaomba sehemu ya kwanza ya mchango wako iende huko. Mara hii watu wa Rungwe Mpya wapange wenyewe mahali pa kukutania, nasi tuwachangie.