Dansi Iliyozaliwa Kasri la Laufen

Habari za Dunkirk zimeandikwa weee. Waliobaki nyuma je? Juni 12, 1940, siku nane tu baada ya uokoaji ule kwisha, Jenerali Victor Fortune alisalimu amri mbele ya Rommel pale St Valery-en-Caux, Ufaransa. Maelfu ya Waskoti wa Divisheni ya 51 wakawa mateka.

Baadhi ya maofisa walifungiwa Laufen, Bavaria, katika kasri la zamani la maaskofu wakuu wa Salzburg. Humo ndimo Luteni Jimmy Atkinson alipobuni dansi. Wanawake hakuna, basi wanaume wenyewe wakazijaza nafasi zote. Utamu uko katikati: wachezaji wanne wanashikana mikono katika mstari wa mshazari, halafu mshazari wa pili unaukata ule wa kwanza. Hebu ichore mistari hiyo. Ni msalaba wa Mtakatifu Andrea, bendera ya Uskoti, ndani ya gereza la Hitler!

Mwanzoni iliitwa Laufen Reel. Mwaka 1945 chama cha dansi za Uskoti kiliichapa katika kitabu chake cha 13, safari hii kwa wanaume na wanawake, na jina likawa Reel of the 51st Division. Mimi ningeliacha lile la kasri.