Kangaga ya Kinamasi
*Cyclosorus interruptus*

Chungulia kati ya mafunjo, pembeni mwa Ziwa Nakivale. Majani marefu yenye meno kama kitana ndiyo kangaga hii. Shina lake hutambaa topeni. Haichanui wala haina mbegu. Geuza jani taratibu: vidoa vya kahawia mgongoni hubeba spora, vumbi linalozaa mmea mpya.

Mwaka 1794, Mjerumani Carl Ludwig Willdenow aliiita *Pteris interrupta*, kwa sampuli ya India. Nakivale hakufika! Mwaka 1937, Mjapani Hiroshi Itô aliipa jina la sasa.

Ardhioevu ya Mburo-Nakivale, karibu na mji wa Mbarara, Uganda, imo katika orodha ya Ramsar ya ardhioevu muhimu duniani tangu 2006. Tafadhali, usiing'oe kangaga hii.