Lango la Tokyo: Historia ya Ushindani wa Shule za Japani

Katika anime ya Classroom of the Elite, kila mwanafunzi mpya anapewa pointi 100,000, pointi moja sawa na yeni moja. Mwezi ukiisha, Darasa D, la chini kabisa, halina hata pointi moja: porojo, utoro na uchelewaji vimezila zote. Ahadi ya kupata chuo au kazi yoyote ni ya Darasa A peke yake. Shōgo Kinugasa alianza kuchapisha riwaya za hadithi hiyo mwaka 2015, na studio ya Lerche ikazigeuza anime mwaka 2017. Pointi ni za kubuni, ila ukali wa ushindani huo una mizizi mirefu katika shule za Japani.

Mwaka 1886 serikali ya Meiji ilikifanya Chuo Kikuu cha Tokyo kuwa Chuo Kikuu cha Kifalme. Chini yake zikaja shule za juu zenye namba, ya Kwanza ikiwa Tokyo, ya Nane Nagoya. Aliyepita lango la shule hizo alikuwa karibu na uhakika wa kuingia chuo cha kifalme, na kutoka huko akaenda wizarani, mahakamani au benki. Basi vita vyote vilipiganwa langoni, na vijana wa miaka kama 17. Aliyefeli alirudi kwenye vitabu mwaka mzima, akajaribu tena, na wengine wakajaribu tena na tena. Waliofaulu, wavulana watupu, waliishi bwenini wakijitawala wenyewe na kujiona watu wa daraja lao.

Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia shule hizo zilifutwa, na mbio zikahamia sekondari. Mwishoni mwa miaka ya 1950 mwalimu mmoja wa Tokyo, Shōzō Kuwata, alibuni hensachi, kipimo kinachoonyesha mwanafunzi yuko wapi miongoni mwa wenzake. Wastani ni 50. Wanaovuka 70 ni takriban wawili katika kila mia. Kuwata alitaka kuwaelekeza wanafunzi wake kwa haki zaidi kuliko kwa kubahatisha. Wafanyabiashara wa mitihani ya majaribio wakakichukua, na kila shule nchini ikapata namba yake.

Kisa cha Hibiya ndicho kinachouma. Sekondari hiyo ya umma ya Tokyo iliingiza zaidi ya wanafunzi 190 Chuo Kikuu cha Tokyo mwaka 1964. Mwaka 1967 mamlaka ya jiji, ikitaka kupunguza ushindani, iliziweka shule katika makundi. Mwombaji hakuchagua tena shule moja, bali kundi. Wazazi wenye uwezo wakageukia shule za binafsi, ambazo watoto huzifanyia mtihani wakiwa na miaka 12, baada ya miaka ya tuisheni. Hibiya ikaporomoka. Kaisei, shule ya binafsi ya wavulana, imeongoza kwa kuingiza wanafunzi chuoni humo kila mwaka tangu 1982.

Tokyo ilifuta mipaka ya kuchagua shule mwaka 2003, na Hibiya imeinuka tena. Lakini kwa miaka mingi, mageuzi yaliyokusudiwa kumpumzisha mtoto yalimfungia njia mtoto hodari ambaye wazazi wake hawakuwa na ada.